MKOA WA KIGOMA NA KATA YA KALINZI: UDONGO WA MLIMANI, SAMAKI WA ZIWANI

Mwanafunzi anayetazama ramani ya Tanzania huuona Mkoa wa Kigoma pembeni kabisa mwa nchi, upande wa magharibi. Kaskazini-magharibi umepakana na Burundi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mashariki upo Mkoa wa Tabora, na kusini Mkoa wa Katavi. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 45,000, na kati ya hizo takriban 8,000 ni maji. Makala haya yataeleza kwa ufupi sura ya mkoa huo, kisha yataitazama sehemu yake moja ya mashamba, yaani Kata ya Kalinzi, ili kuonyesha jinsi mlima na ziwa vinavyotegemeana.

Umbo la nchi

Sura ya Kigoma imetokana na tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Kwa mamilioni ya miaka ardhi ilipasuka na kudidimia, maji yakajaa katika ufa huo, na ndipo likapatikana Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni kilomita 670 hivi, na kina chake hufikia mita 1,470. Duniani hakuna ziwa lenye kina kulizidi ila Baikal la Urusi.

Uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiondoka ufukoni, nchi hupanda ghafula, na Kalinzi, iliyo kaskazini ya mji wa Kigoma katika njia ya kuelekea Manyovu, iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Kwa kawaida joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila tupandapo mita 1,000. Basi Kalinzi ina baridi kuliko Ujiji kwa nyuzi zipatazo 4, na tofauti hiyo yatosha kubadili kilimo. Huko chini karibu na ziwa hustawi michikichi, ambayo hutoa mafuta ya mawese. Huko juu hustawi kahawa aina ya arabika, pamoja na migomba, maharage na mahindi.

Kilimo cha Kalinzi

Wenyeji wa nyanda hizi ni Waha. Shamba lililo karibu na nyumba hupandwa kahawa chini ya migomba. Migomba huipa kahawa kivuli. Majani yake yaliyokauka hufunika ardhi, huhifadhi unyevu, na yakioza huwa mbolea. Shamba la namna hii laweza kudumu miaka mingi bila kuchoka.

Mashamba ya mbali yana hali nyingine. Mengi yako kwenye miteremko mikali, nayo hulimwa mahindi, mihogo na maharage. Mvua zianzapo kati ya Oktoba na Novemba, hukuta udongo umeachwa wazi. Tone la mvua likianguka juu ya udongo mtupu huvunja chembe zake. Chembe hizo huziba vitundu ambavyo maji yangepenyea, na maji yakikosa pa kuingia huteremka yakiwa yamebeba udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba.

Tatizo hili limezidishwa na uhaba wa ardhi. Katika sensa ya mwaka 1978 mkoa ulikuwa na watu wapatao 650,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 2,470,000, yaani karibu mara nne. Mtoto anayerithi sehemu ndogo ya shamba la baba yake hulazimika kupanda juu zaidi mlimani na kukata miti iliyosalia.

Udongo huenda wapi?

Maji ya nyanda hizi huishia ziwani: mengine kwa vijito vifupi vinavyoporomoka kutoka milimani, mengine kwa Mto Luiche, ambao huingia ziwani karibu na Ujiji. Tope likifika ziwani hutua juu ya miamba ya pwani na kufunika mimea midogo ambayo ni chakula cha samaki wengi. Ziwa hili lina aina nyingi za samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Ndiyo kusema kwamba hasara ya mkulima wa Kalinzi huwa pia hasara ya ziwa.

Katikati ya mlima na ziwa iko Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960. Hifadhi hiyo ni ndogo, na misitu iliyokuwa ikiizunguka ilipokatwa, sokwe walibaki kama walio kisiwani. Kwa sababu hiyo mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE, wa kupanda miti na kutoa elimu vijijini. Wakulima wa kahawa wa Kalinzi na vijiji jirani nao walijiunga katika ushirika, wapate kuuza kahawa yao kwa bei nzuri zaidi. Hoja yake ni nyepesi: kahawa ya kivulini ikimlipa mkulima, hana haja ya kufyeka msitu.

Jaribio la darasani

Walimu waweza kuonyesha jambo hili kwa urahisi. Chukueni masanduku mawili ya mbao yaliyo sawa, yajazeni udongo wa aina moja, kisha yainamisheni kwa mwinamo mmoja. Udongo wa sanduku la kwanza uacheni wazi. Wa pili ufunikeni kwa majani makavu. Mwagieni kila moja lita 2 za maji kwa kopo lililotobolewa matundu, na kingeni maji yanayotoka. Pimeni wingi wa maji hayo, yaacheni yatuame hadi kesho yake, kisha linganisheni tope lililobaki chini ya kila chombo.

Makinga maji, matete yaliyopandwa kukingama mteremko, na miti juu ya vilele hufanya kazi ile ile ya majani ya sandukuni. Mkulima mmoja akiyatenda peke yake, maji ya shamba la jirani aliye juu yatambomolea. Kwa hiyo mpango wa matumizi bora ya ardhi, ambao Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeuweka mikononi mwa kijiji, yafaa ufuate mkondo wa maji toka kileleni hadi bondeni.