Wanafunzi mnaoenda Minnesota, hili ndilo hamwambiwi kuhusu jaketi

Viza imetoka, harambee ya nauli imefanywa, na binamu yako aliye Minnesota amekusisitizia ununue jaketi nzito. Msikize. Januari kule baridi hushuka chini ya sifuri, siku nyingine hadi nyuzi 20. Lakini kuna jambo ambalo huenda hajakuambia: chini ya jaketi ya mtu mliyeketi naye kwenye basi, huenda kuna bastola. Na ni halali kabisa.

Minnesota, mtu akipita mafunzo na kukaguliwa na sherifu, hupewa kibali cha kubeba bastola kinachodumu miaka mitano. Majimbo mengine mengi hayaitishi hata kibali. Wakati wa joto, mtu akivaa fulana, bastola ya kiunoni ni rahisi kuonekana. Baridi ikianza, jaketi inameza kila kitu.

Usidhani mwenyewe ana raha. Zipu imefungwa hadi shingoni, sweta ni mbili, glavu ni nene. Kidole chenye glavu kinaweza kubana triga kabla ya wakati. Kamba ya jaketi nayo ikiingia kwenye ala pamoja na bastola, inaweza kuvuta triga mtu akajipiga risasi ya paja. Kujilinda gani huko?

Sasa tukuje kwako. Ukiwa na viza ya masomo, sheria ya shirikisho inakukataza kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa katika hali chache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Adhabu inaweza kufika miaka 15 jela. Kwa hivyo marafiki wakikualika wikendi mkapige shabaha "for fun", kataa.

Hata mwenye kibali hajasalimika. Julai 6, 2016, polisi walisimamisha gari la Philando Castile, mfanyakazi wa jikoni katika shule mjini St. Paul. Alikuwa na kibali, na alimwambia afisa kwa upole kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye afisa alimfyatulia risasi saba, akidai alidhani anaichomoa. Castile alikufa akiwa na miaka 32. Mwaka uliofuata, afisa huyo alipatikana bila hatia.

Kwa hivyo polisi wakisimamisha gari ulilopewa lifti, weka mikono panapoonekana. Usiichovye ndani ya jaketi kusaka pasipoti au simu, hata kama vidole vimeganda. Sema kwanza unachotaka kutoa, kisha ungoje uambiwe utoe.

Na kabla ya kupanda, muulize mwenye gari kama kuna silaha humo. Si kukosa adabu. Bastola ya mwenzako inaweza kukurudisha JKIA kabla hujamaliza muhula wa kwanza.