Mtafiti na Ushahidi wa Elimu Yake

Katika familia zetu nyingi yumo kijana aliyekwenda Marekani kusomea shahada ya uzamivu, akabakia huko katika maabara au chuo kikuu. Viza yake ina mwisho, watoto wamekwisha kuizoea skuli, na utafiti ungali katikati. Njia mojawapo iliyo wazi kwake ni kuomba ukaazi wa kudumu kwa msingi wa kazi yake, kwa fomu iitwayo I-140, inayopelekwa katika idara ya uraia na uhamiaji ya nchi hiyo, USCIS. Fomu yenyewe ni kurasa chache tu. Uzito wote umo katika ushahidi unaoambatana nayo, na ndio tunaotaka kuuzungumzia hapa.

Milango ya watafiti ni mitatu. EB-1A ni ya wenye uwezo wa kipekee: ikiwa mtu hana tuzo kubwa ya kimataifa, hutakiwa kutimiza angalau vigezo 3 kati ya 10. EB-1B ni ya watafiti na maprofesa mashuhuri. Hapo ni vigezo 2 kati ya 6, uzoefu wa miaka 3, na mwajiri ndiye anayeomba. Wa tatu ni msamaha kwa maslahi ya taifa, ambao tangu mwishoni mwa 2016 hupimwa kwa mwongozo wa shauri la Dhanasar: je, kazi hiyo ina thamani na umuhimu kwa taifa, mwombaji ana uwezo wa kuiendeleza, na je, ni faida kwa Marekani kumwondolea sharti la kuwa na mwajiri? Katika mlango wa kwanza na wa tatu mtafiti aweza kujiombea mwenyewe.

Sisi tumelelewa kuona haya kujisifu. Mwanachuoni wa kwetu hungoja asifiwe, na hata akisifiwa huinamisha kichwa. Lakini afisa anayesoma ombi hamjui, na pengine hajui lolote kuhusu mbu wa malaria au chumvi katika udongo wa mashamba. Yeye huhukumu kwa karatasi zilizo mbele yake. Basi ombi zuri halimtaki mtu aseme kuwa yeye ni hodari. Lamtaka aoneshe wengine wamefanya nini na kazi yake: nani ameinukuu, katika jarida gani, na kwa sababu gani. Kurasa 2 za makala ya mgeni aliyeitumia mbinu yake kutatua tatizo, mistari ikiwa imepigwa alama, zina uzito kuliko orodha ndefu ya majina ya makala zake mwenyewe.

Vivyo hivyo katika kuhakiki makala za wenzake. Barua pepe ya kumwalika haitoshi. Lazima ithibitike kuwa aliifanya kazi hiyo. Wengi huzifuta barua za shukrani za wahariri, kisha baada ya miaka 5 wakahangaika kuzitafuta.

Barua za wataalamu zataka uangalifu zaidi. Ya msimamizi wa masomo ina nafasi yake, lakini ya mtu asiyewahi kufanya kazi na mwombaji, aliyemjua kwa maandishi yake tu, ndiyo inayosikilizwa sana. Hatuoni ubaya mtafiti kumpelekea shahidi orodha ya kazi zake. Ila kumwandikia barua nzima, yeye akatia saini bila kuisoma, ni ushahidi wa namna gani? Barua 5 zenye maneno yale yale humtia afisa shaka, na ana haki. Wapo pia wanaouza tuzo na uanachama kwa fedha. Udanganyifu wa makusudi ukigundulika waweza kumfungia mtu mlango wa Marekani maisha yake yote.

Kwa watu wetu liko tatizo la majina. Mohamed wa pasipoti huwa Muhammad katika makala moja na Mohammed katika nyingine. Na kwa kuwa sisi hufuatanisha jina la mtu, la baba na la babu, jarida moja humworodhesha kwa baba, jingine kwa babu. Mwanamke aliyebadili jina baada ya ndoa hukutwa na jambo hilo hilo. Namba ya ORCID, inayotolewa bure tangu 2012, huzikusanya kazi zote chini ya mtu mmoja. Na ni bora kuichukua kabla ya makala ya kwanza. Hati yoyote isiyo ya Kiingereza, cheti cha Kiswahili au cha Kiarabu, iambatane na tafsiri kamili na tamko la mfasiri.

Nyumbani nako kuna kazi. Cheti cha ndoa kiwe kimesajiliwa serikalini, kwa Tanzania Bara kupitia RITA, wala isiwe karatasi ya msikitini pekee. Na ijulikane mapema kuwa sheria ya huko haimruhusu mhamiaji kwenda kuishi kwa ndoa ya mitala. Mke au mume hufuata ombi, na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21. Ipo sheria ya 2002 inayopunguza katika umri wa mtoto siku ambazo ombi lilikuwa likishughulikiwa, lakini haiwaokoi wote. Na ushahidi hupimwa kwa hali ya siku ombi lilipopelekwa. Tuzo ya mwezi uliofuata haiwezi kuliziba pengo la siku ile. Mwenye binti wa miaka 19 aketi na mwanasheria wa uhamiaji mwaka huu.