Kilichowaua Wenye Hemofilia: Dawa au Kirusi?

Tarehe 16 Julai 1982, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa taarifa fupi kuhusu wanaume watatu wenye hemofilia waliopatwa na nimonia ya aina isiyo ya kawaida, ile inayomshika mtu ambaye kinga yake ya mwili imekwisha. Ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI ulikuwa ukihusishwa na wanaume wanaojamiiana na wanaume, na watu wanaojidunga dawa za kulevya. Watatu hawa hawakuwamo katika makundi hayo. Walichojidunga ni dawa halali waliyoandikiwa na madaktari wao.

Mwenye hemofilia huzaliwa na upungufu wa protini moja ya kugandisha damu: namba 8 kwa hemofilia A, namba 9 kwa hemofilia B. Wengi wao ni wanaume, kwa kuwa hitilafu hiyo hurithiwa kupitia kromosomu X. Damu huvujia ndani ya magoti, viwiko na vifundo vya miguu mpaka viungo vikaharibika. Katika miaka ya 1970 ilienea dawa ya unga yenye protini hiyo, ambayo mgonjwa aliweza kuichanganya na maji na kujidunga mwenyewe nyumbani. Ilikuwa neema kubwa. Lakini kila fungu la unga huo lilitokana na plazma ya maelfu ya watu iliyochanganywa pamoja, na mchangiaji mmoja mwenye virusi aliweza kulichafua lote. Hadi dawa zilizopashwa joto ili kuua virusi na kipimo cha damu vilipoenea, mwaka 1985, maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Uingereza pekee, watu wapatao 1,250 wenye matatizo ya kuganda kwa damu waliambukizwa VVU, kirusi kinachosababisha UKIMWI. Takriban robo tatu yao wamekwisha kufa.

Kirusi kikishaingia kwenye damu hutafuta chembe nyeupe zenye alama ya CD4, ambazo kazi yake ni kuziamuru chembe nyingine zipigane. Hujishikiza kwenye alama hiyo, kisha kwenye nyingine iitwayo CCR5, na kupenya. Humo ndani huigeuza RNA yake kuwa DNA na kuipachika katika vinasaba vya chembe. Wiki za mwanzo maangamizi makubwa hutokea kwenye utumbo, si kwenye damu tunayoipima, kwa sababu ukuta wa utumbo umejaa chembe za CD4. Ukuta ukidhoofika, mabaki ya bakteria huvujia mwilini na kinga hubaki imechachamaa miaka nenda miaka rudi. Hiyo humfaa adui, maana kirusi hiki huzaana vizuri zaidi katika chembe zilizoamshwa.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba chembe nyingi zinazokufa si zile zinazozalisha virusi. Kirusi huingia, kikashindwa kumaliza kazi yake, na chembe ikihisi mgeni ndani yake hujiua kwa kishindo cha uvimbe unaowaita wenzake waje kuambukizwa. Nazo chembe B, zinazotengeneza kingamwili, humwaga kingamwili nyingi zisizolenga shabaha. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe za CD4 kati ya 500 na 1,500 katika mikrolita moja ya damu. Zikishuka chini ya 200, mlango uko wazi kwa nimonia ile ya mwaka 1982, fangasi wa koo na uti wa mgongo, na kifua kikuu kilichosambaa mwilini.

Kwa wenye hemofilia palikuwa na fumbo. Hata wale wasio na VVU, ikiwa walitumia unga mwingi, vipimo vya kinga yao vilionyesha dosari kidogo. Profesa Peter Duesberg wa Berkeley, California, aliishikilia hoja hiyo: kinachoua ni protini za kigeni zilizomo kwenye dawa, si kirusi. Swali lenyewe halikuwa la kipuuzi. Jibu lilitolewa mwaka 1995 na Sarah Darby na wenzake katika jarida la Nature, baada ya kuchunguza kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza. Miongoni mwa wenye hemofilia kali wasio na VVU, vifo vilibaki 8 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, kama ilivyokuwa kabla ya janga. Kwa wenye VVU vilipanda hadi kufikia 81 mwaka 1991 na 1992. Ugonjwa wa kuzaliwa ni uleule, dawa ni ileile. Kilichowatofautisha ni kirusi. Kwa maoni yangu mjadala ulipaswa kufungwa siku hiyo, lakini mwaka 2000 Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini alimwalika Duesberg kwenye jopo lake la ushauri, na wananchi wake wakacheleweshewa dawa za VVU.

Wagonjwa hawa walitufundisha jingine pia. Saratani ya Kaposi, ambayo madaktari wa Uganda waliijua kabla ya UKIMWI, iliwapata kwa nadra sana kuliko wagonjwa wengine wa UKIMWI, ingawa kinga yao ilianguka kama ya wengine. Wataalamu wakashuku kwamba kuna kirusi cha pili kisichosafiri ndani ya unga ule. Kilipatikana mwaka 1994.

Mwili wa mwenye hemofilia hubeba mzigo wa ziada. VVU huweza kupunguza chembe sahani, zinazoziba tundu la mshipa, na mtu ambaye damu yake tayari haigandi vizuri akapoteza kinga yake ya pili dhidi ya kuvuja. Karibu wote waliotumia unga wa zamani walipata pia homa ya ini C, na VVU huharakisha ini kunyauka. Nalo ini ndilo linalotengeneza protini nyingi za kugandisha damu. Dawa za kundi la vizuia-protease zilipoanza kutumika, mwaka 1996, baadhi ya wagonjwa walianza kuvuja damu kuliko kawaida, na madaktari wakaonywa.

Dawa za hemofilia za leo husafishwa ili kuua virusi, na nyingine hazitokani na damu ya mtu kabisa. Ikiwa una hemofilia na unaishi na VVU, usiache ARV hata chembe zako za CD4 zikipanda. Mweleze daktari wa kila kliniki kuhusu hali zote mbili, na usikubali sindano ya msuli wala aspirini kabla hajajua kwamba damu yako haigandi vizuri.