Kabimba: Fimbo ya mzee, mguu wa tatu na kinga ya njiani

Ukitaja Kabimba, watu wengi wa jimbo la Tanganyika watakujibu kwa neno moja: simenti. Lakini mahali hapa pa ufukweni, kaskazini mwa mji wa Kalemie, si wote wanaoishi kwa kiwanda. Wengi wanaishi kwa ziwa na kwa mashamba ya muhogo, na kwenda shambani ni kupanda mlima. Ndiyo sababu mzee anayetoka asubuhi hubeba vitu viwili: jembe begani na fimbo mkononi.

Vijana humcheka. Kwao fimbo ni alama ya kuchoka. Wangoje mwezi wa kumi, mvua ianze na udongo wa mteremko uanze kuteleza, ndipo watajua nani anafika chini akiwa mzima.

Kuanguka si jambo dogo kwa mtu wa umri huo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kuanguka huua watu wapatao 684,000 kila mwaka, na wengi wao wamepita miaka 60. Mzee akivunjika nyonga mbali na hospitali, safari yake ya shamba imekwisha, na pengine chakula cha nyumba nzima kimepungua.

Hata hivyo wengi hushika fimbo upande usiofaa. Anayeumwa goti la kulia huiweka mkono wa kulia, akidhani inasaidia mguu huo. Inatakiwa iwe mkono wa kushoto, isogee mbele pamoja na mguu mgonjwa, ili uzito ugawanyike. Kwa njia ya tambarare, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono mtu akiwa amesimama wima na viatu vyake. Kwa kuteremka mlima, fimbo ndefu ya kufika kifuani ni bora zaidi, na hapo wazee hawahitaji kufundishwa na mtu.

Fimbo ina heshima yake pia. Kwa Waluba, fimbo ya kichifu huitwa kibango, na michoro yake hutunza kumbukumbu za ukoo na za utawala. Kadhaa ziko leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, mbali sana na wenyewe. Marehemu Rais Mobutu alielewa nguvu hiyo: pamoja na kofia ya ngozi ya chui, hakuachana na fimbo yake ya kuchongwa.

Kisha kuna kujilinda. Mbwa akikujia, usikimbie. Simama, weka fimbo kati yako naye, rudi nyuma polepole. Akikuuma, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kutafuta chanjo, maana dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana, karibu hakuna anayepona.

Kwa nyoka, wengi hukosea kwa kupiga. Anayenyanyua fimbo ampige nyoka anamkaribia, na nyoka aliyekosewa huuma. Kazi nzuri ya fimbo ni kugonga ardhi na kupekua majani mbele ya mguu. Nyoka husikia mtikisiko na mara nyingi huondoka mwenyewe.

Kwa mtu mwenye silaha, fimbo haina jibu. Tanganyika inalijua hilo vizuri. Katika mapigano ya Watwa na Waluba, yaliyoanza kuenea karibu mwaka 2013, vijiji vilichomwa, na watu waliuawa kwa mishale na mapanga. Wazee walikuwa kati ya waliokimbia, wengine hadi kwenye kambi za wakimbizi wa ndani karibu na Kalemie. Mzee anayenyanyua fimbo mbele ya panga au bunduki anampa mwizi sababu ya kupiga. Mfuko wa unga uachwe uende. Kinachosaidia zaidi ni kutembea kwa kikundi na kurudi kabla ya jua kuzama, jambo ambalo ni gumu pale shamba linapokuwa mbali na mzee anatembea polepole. Na fimbo hiyo hiyo, ikiwa nene na mkononi mwa kijana usiku, inaweza kumletea maswali kwenye barieri.

Kutengeneza fimbo hakuhitaji franka nyingi. Mpera hupendwa kwa sababu ni mti mgumu usiovunjika haraka. Hukatwa ulionyooka, ukaanikwa kivulini, kwa kuwa jua kali huupasua. Nundu ya tawi huachwa juu iwe kishikio. Chini, mjukuu hukata kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu na kukipigilia ili fimbo isiteleze kwenye mawe. Kipande hicho huisha, hasa kwa anayepanda mlima kila siku, na kikianza kupasuka kibadilishwe kabla ya mvua.