Rekodi za redio za zamani za Australia

Rekodi za redio za zamani za Australia ni sauti zilizobaki za vipindi, habari, matangazo ya biashara na vibwagizo vya vituo vilivyosikika nchini humo tangu miaka ya 1920. Baadhi yake zimehifadhiwa katika taasisi za umma, hasa Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti (NFSA) mjini Canberra. Nyingine zimo katika kaseti zilizorekodiwa na wasikilizaji majumbani mwao. Kwa Waaustralia wenye umri mkubwa hizi ni zilipendwa za aina yake: kinachotafutwa si wimbo tu, bali sauti ya mtangazaji, tangazo la sabuni na utabiri wa hali ya hewa wa siku iliyokwisha kupita.

Hata hivyo, kilichobaki hakilingani na kilichopendwa. Vipindi vilivyotengenezwa ili viuzwe vilitunzwa vizuri zaidi kuliko maneno ya kila siku yaliyosemwa moja kwa moja hewani.

Vituo na majina yake

Kituo cha kwanza chenye leseni kuanza kazi kilikuwa 2SB cha Sydney, tarehe 23 Novemba 1923. Baadaye kiliitwa 2BL. Siku hizo msikilizaji alilipia kituo alichokitaka, na redio yake ilifungwa kwa lakiri isiweze kupokea kingine. Utaratibu huo haukupendwa na watu, ukaachwa mwaka 1924. Badala yake vikawepo vituo vya daraja la A, vilivyoendeshwa kwa ada ya leseni za wasikilizaji, na vya daraja la B vilivyotegemea matangazo ya biashara. Shirika la utangazaji la umma, ABC, lilianza tarehe 1 Julai 1932.

Tarakimu ya mwanzo katika jina la kituo huonyesha jimbo: 2 ni New South Wales, 3 Victoria, 4 Queensland, 5 Australia Kusini, 6 Australia Magharibi na 7 Tasmania. Herufi zinazofuata mara nyingi zina historia yake. Kituo cha 4IP kilianzia mji wa Ipswich. 2SM cha Sydney kilianzishwa mwaka 1931 na Kanisa Katoliki, na herufi zake zinatokana na parokia ya Mtakatifu Marko. Miaka thelathini baadaye kituo hichohicho kilikuwa maarufu kwa muziki wa vijana.

Michezo ya mfululizo

Kabla ya televisheni kuanza mwaka 1956, familia nyingi zilikusanyika jioni kusikiliza michezo ya redio. "Dad and Dave from Snake Gully", kuhusu familia ya wakulima, ulianza mwaka 1937 na kudumu hadi 1953. "Blue Hills" wa mwandishi Gwen Meredith ulirushwa na ABC kuanzia tarehe 28 Februari 1949 hadi 30 Septemba 1976, jumla ya sehemu 5,795.

Michezo ya vituo vya biashara ilirekodiwa kwenye santuri kubwa za inchi 16, ambazo upande mmoja ulibeba takriban dakika 15. Mwaka 1940, kwa sababu ya vita, serikali ilizuia santuri za vipindi kutoka Marekani, na watengenezaji wa nyumbani wakapata nafasi. Mmoja wao alikuwa Grace Gibson, Mmarekani aliyehamia Sydney na kufungua kampuni yake mwaka 1944. Michezo yake iliuzwa hadi New Zealand na Afrika Kusini. Nakala zilitawanyika katika vituo vingi, hivyo iliyovunjika pengine ilikuwa na mwenzake kwingine. Ndiyo sababu mchezo wa miaka ya 1940 unaweza kusikika leo kwa usafi kuliko kipindi cha asubuhi cha mwaka 1975.

Yaliyosemwa moja kwa moja

Mwaka 1938 timu ya kriketi ya Australia ilicheza Uingereza. Simu za maandishi zilitumwa Sydney kueleza kila mpira, na watangazaji wa ABC walizigeuza kuwa masimulizi kana kwamba wapo uwanjani. Waligonga ubao kwa penseli ili isikike sauti ya gongo, huku shangwe za watazamaji zikitoka kwenye santuri. Kipindi cha watoto cha Argonauts Club, kilichorejeshwa mwaka 1941 na kuendelea hadi 1972, kilimpa kila mwanachama jina la jahazi na namba. Wapo wazee wanaokumbuka namba hiyo hadi leo, ingawa siku waliyosomwa hewani haikurekodiwa na mtu yeyote.

Televisheni ilipochukua michezo, redio iligeukia muziki. 2UE ya Sydney ilianza mtindo wa nyimbo 40 bora mwaka 1958, vikafuata vituo vingine, kikiwemo 3XY cha Melbourne. Tarehe 19 Januari 1975 ABC ilifungua 2JJ kwa ajili ya vijana, na wimbo wake wa kwanza, wa kundi la Skyhooks, ulikuwa umekataliwa na vituo vya biashara. Vituo vya biashara vya FM vilianza mwaka 1980 na kuwavuta wapenzi wa muziki kutoka masafa ya kati. Jina la 3XY lilitoweka mwaka 1991.

Vituo vyenyewe vilifuta kanda ili zitumike tena, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyeona thamani ya maneno ya jana. Yaliyobaki yametoka kwa vijana waliobonyeza kitufe cha kaseti chumbani, na kwa watangazaji waliojirekodi ili kuomba kazi kwingine. Katika kanda za hao wa pili nyimbo zimekatwa, zikabaki sekunde za mwanzo na mwisho tu, maana mwajiri alitaka kusikia maneno.

Redio Australia, iliyolenga nchi za nje tangu Desemba 1939, ilijitambulisha kwa mlio wa kookaburra, ndege wa jamaa ya mdiria anayelia kama mtu anayecheka. Matangazo yake ya masafa mafupi yalikoma tarehe 31 Januari 2017.

Uharibifu na uhamishaji

Santuri zilizorekodiwa studio zilikuwa bamba la alumini, au la kioo wakati wa vita, lililopakwa tabaka laini. Tabaka hilo husinyaa, hupasuka na kubanduka. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hufyonza unyevu zikanata. Hupashwa moto wa takriban nyuzi 50 kwa saa kadhaa, kisha huchezwa haraka kabla hazijanata tena. Mwaka 2015 NFSA ilionya kwamba kanda ambayo haitakuwa imehamishiwa kwenye mfumo wa kidijitali ifikapo 2025 kwa kawaida itakuwa imepotea. Tatizo si kanda pekee: mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena kwa wingi, na mafundi wanaozijua wanastaafu.

Kuziweka wazi kwa umma ni kazi nyingine, kwa sababu saa moja ya kipindi cha muziki hubeba haki za watunzi, waimbaji, kampuni za santuri na za matangazo ya biashara. Kanda ya mwombaji kazi, yenye nyimbo zilizokatwa, huwa rahisi zaidi kushirikiwa kuliko kaseti nzima ya msikilizaji.