Mtoto wa Miaka Minne Anaogopa Kiasi Gani?

Mwulize mtoto wa miaka minne kama anaogopa mbwa, huenda akasema ndiyo. Mwulize kama anaogopa ndizi, na hapo pia huenda akasema ndiyo. Watoto wengi wa umri huo huitikia ili kumridhisha mtu mzima, au hushika neno la mwisho walilolisikia. Anayetaka kupima hofu za watoto wa chekechea lazima aanzie hapo.

Madodoso yanayojulikana zaidi yalitungwa kwa watoto wakubwa kidogo. Mwaka 1968 Scherer na Nakamura wa Marekani walitoa dodoso la vipengele 80 lenye majibu ya ngazi tano. Thomas Ollendick alilirekebisha mwaka 1983, akabakisha vipengele 80 na kupunguza ngazi hadi tatu: siogopi, naogopa kidogo, naogopa sana. Toleo hilo lilifika mbali. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliolitumia kwa watoto na vijana wa Kenya na Nigeria. Lakini ndani yake mna maswali ya kufeli mtihani na kupelekwa kwa mwalimu mkuu. Mtoto ambaye hajawahi kufanya mtihani atajibu nini? Atajibu kitu, na jibu hilo halitapima hofu yoyote.

Kufupisha tu hakutoshi. Mwaka 2003 Peter Muris na wenzake, Uholanzi, walitoa dodoso la vipengele 31 kwa watoto wa miaka minne hadi 12, ambamo ngazi za majibu huonyeshwa kwa picha za koala: mmoja ametulia, mwingine ana wasiwasi, wa tatu ameshikwa na hofu. Mtoto huonyesha kwa kidole tu. Ni ubunifu mzuri sana, kwa sababu unamwondolea mzigo wa kupanga maneno.

Akija nalo Tanga au Kisumu, mtafiti ana kazi zaidi. Koala hajulikani huku, na mnyama atakayewekwa badala yake asiwe mwenyewe anatisha: fisi hafai, hata akichorwa anatabasamu. Kisha kuna orodha ya hofu zenyewe. Giza, radi na sindano vitabaki. Lifti haina maana kwa mtoto asiyewahi kuiona, wakati zimwi analotishiwa akikataa kulala linastahili swali lake. Orodha hiyo isitungwe ofisini; wazazi na walimu wa chekechea waulizwe kwanza, na watoto wasikilizwe wakizungumza kwa maneno yao.

Baada ya hapo huja majaribio. Maswali ya mazoezi, kama lile la ndizi, huonyesha nani ameelewa picha. Watoto haohao huulizwa tena baada ya muda mfupi ili ionekane kama majibu yanasimama.

Mzazi naye huulizwa. Susan Spence na wenzake, Australia, walitoa mwaka 2001 kipimo cha wasiwasi kinachojazwa na wazazi wa watoto wa umri huu. Hata hivyo, majibu ya mzazi na ya mtoto mara nyingi hayalingani. Mama huona kilio cha mwanawe kliniki; asichokiona ni anachokiwaza mtoto taa ikishazimwa. Wakitofautiana, jibu la mtoto lisifutwe haraka: aombwe aeleze, au achore, ni nini kilichomo gizani.