Tuko watu wangapi? Swali hili linagusa pori na maji pia

Kila jioni mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mbabula zinawashwa. Umeme ukikatika, ao pale haujafika kabisa, makala njo inapika bukari. Kila mama anajua vile bei ya mufuko inapanda, na wachomaji wanajua vile pori linaendelea kuwa mbali. Lakini ukiuliza ni miti ngapi inakatwa juu ya muji wetu, jibu linaanza na swali lingine: tuko watu wangapi?

Hapa njo demografia inaingia. Ni elimu ya kuhesabu watu: wanaozaliwa, wanaokufa, wanaohama, umri wao, na namna wanavyoikala ndani ya nyumba. Watafiti wa hali ya hewa na mazingira hawafiki mbali bila hiyo.

Tuchukue makala. Mutafiti anapima jamaa moja inatumia kilo ngapi kwa siku, kisha anazidisha kwa hesabu ya majiko ya muji. Tena, katika tanuru ya udongo, kilo 1 ya makala inaweza kula kilo 5 ao hata 10 za mti. Ukikosea hesabu ya majiko, umekosea hesabu yote ya pori la miombo.

Ona vizuri: tumesema majiko, si vichwa. Watu 8 wanaopika kwa mbabula moja hawachomi makala mara mbili ya watu 4. Vijana wawili wakioana na kutoka kwa wazazi, muji haukuongeza mutu, lakini umeongeza jiko. Mu 2003, Jianguo Liu na wenzake walionyesha mu gazeti la sayansi Nature kama katika inchi zenye utajiri mkubwa wa wanyama na mimea, hesabu ya jamaa ilikuwa inapanda mbio kupita hesabu ya watu.

Sasa shida yetu. Congo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mu 1984, ikapata zaidi ya milioni 30. Leo ONU inakadiri kama tumepita milioni 100. Mutoto aliyezaliwa mwaka ule anaweza kuwa na wajukuu sasa, na tangu pale watu wengi wamehamia kwenye machimbo.

Kwa kuziba tundu hilo, watafiti wanatumia satelite. Wanaona mapaa ya nyumba kutoka juu, wanatuma watu kuhesabu jamaa katika sehemu chache, kisha wanatafuta jumla. Kazi ya namna hiyo juu ya majimbo 5 ya magharibi, Kinshasa ikiwa ndani, ilichapishwa mu 2022. Lakini paa haisemi nani analala chini yake, mutoto wa miaka 2 ao muchimbaji wa miaka 30.

Na umri njo unagusa jamaa zetu. Mu 2018, utafiti wa Kasulo, kule Kolwezi, ulionyesha kobalti nyingi zaidi katika mikojo na damu ya wakaaji kuliko kwa watu wa sehemu ya karibu, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Mu 2020, watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kilema cha kuonekana na 108 wasio nacho. Hatari ilikuwa kubwa zaidi pale baba alikuwa na kazi ya madini.

Tafiti hizo zinaonyesha hatari iko. Hazisemi ni watoto wangapi wako ndani yake mu muji muzima. Kwa hilo lazima kujua wangapi wanaikala pale. Siku kampuni itasema kando ya muto kuna wakaaji kidogo tu, mutajibu na hesabu gani?

Kwa hiyo, baba na mama, mwandikishe mutoto kwa etasivili mbele ya siku 90 kupita. Na wahesabuji wakifika kwenu, musifiche mutu, hata mupangaji wa chumba cha nyuma, hata kijana anayelala kwenye shimo. Mutu asiyehesabiwa, maji yake machafu pia hayahesabiwi.